Kiti cha Mwangalizi

Doha, Ijumaa, saa tisa alasiri

Mghoi mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda madukani Al Sadd kutafuta viatu vyeusi vya shule. Babu yako amelala kwenye kochi, leso usoni. Mimi nimebaki mezani na sahani za chakula cha mchana ambazo bado sijazitoa. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Kenya kwa Nyanya, na tangu kikao cha Jumatatu hujanisemesha. Nikikuita unaitikia kwa kichwa. Nikikusuka unatazama ukuta. Leo kule Mesaimeer, watu walipokuaga nje ya kanisa, ulimkumbatia hata yule mama anayekufokea kila wiki kwa sababu ya chingamu. Mimi ulinipa mfuko wako niushike.

Una haki ya kukasirika, na ndiyo maana nakuandikia. Unanijua mimi: nikisimama kusema, maneno hukauka. Kwenye karatasi angalau mkono unakwenda.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka saba tu. Unakumbuka mwalimu wako wa darasa la tatu aliponiuliza getini, "Wewe ni dada yake?" Ukamjibu kabla yangu, "Ni mama yangu mdogo." Akaitazama sare yangu ya shule kutoka juu hadi chini. Lakini kwetu mdogo wa mama ni mama, na mimi ndiye niliyekupokea kwenye lile geti kila siku tangu dada aanze zamu hospitalini. Kwa hiyo nina haki ya kuandika barua ambayo wazazi huandika. Na nimefanya makosa ambayo wazazi hufanya.

Mambo ya soksi na dawa ya kikohozi sitayagusa. Mama yako ameyaandika yote kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nataka kukuambia habari za Lina.

Lina unamkumbuka. Ndiye aliyekufundisha kusema "yalla", yaani twende, mpaka Babu akakukataza. Tulikaa dawati moja miaka minne. Alizaliwa hapa Doha, baba yake pia alikulia hapa, lakini ukimuuliza kwao ni wapi, alikuwa anataja mji wa Palestina ambao hajawahi kuuona. Akiulizwa zaidi anauelezea mpaka harufu ya mikate, kwa sababu babu yake amemhadithia.

Kila mwaka shule yetu hufanya mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa. Wanafunzi wanavaa koti na tai, kila mmoja anapewa nchi, wanajadili azimio na kupiga kura kwa kuinua kadi. Kanuni moja ni kwamba hakuna anayewakilisha nchi yake mwenyewe. Mwalimu wetu wa historia alisema ukiwakilisha kwenu huhitaji kusoma, unaropoka tu. Tukachomoa karatasi kwenye kopo. Mimi nikapata Palestina. Lina akafungua yake, akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amepata Kenya.

"Basi imekwisha," akasema. "Wewe uwe mimi, mimi niwe wewe. Nani atamharibia mwenzake?"

Nilicheka naye. Nikadhani hilo swali ni la utani.

Alinipeleka kwao ili babu yake anisaidie kujiandaa. Wote walimwita Jiddo, yaani babu. Zamani, alipokuwa kijana, Jiddo alifanya kazi Dar es Salaam kama karani katika ofisi iliyowakilisha Wapalestina. Aliposikia mimi ni Mkenya alisimama, akaweka mkono kifuani, akaniinamia na kusema kwa sauti kubwa, "Shikamoo!"

Mzee wa miaka karibu themanini! Mghoi, nilitaka sakafu ipasuke. Mtu mwingine angecheka na kumwambia, "Hapana, Jiddo, ni mimi ninayekusalimu hivyo." Mimi kwa aibu nikajibu, "Marahaba." Lina alipojua maana yake alinitangaza darasa zima. Kwa wiki nzima nilikuwa naitwa Bibi Marahaba.

Lakini mzee yule alinifundisha mengi kuliko kitabu. Mimi nilidhani nchi ni ardhi na bendera, na balozi ni mtu wa gari jeusi na karamu. Jiddo alisema kazi yao ilikuwa kubisha hodi. Walikwenda wizara baada ya wizara, nchi baada ya nchi, kuomba jambo moja: mtutambue, mtuite kwa jina letu. Alisema nchi nyingi za Afrika, ambazo zenyewe zilikuwa zimejitawala juzijuzi tu, ziliwafungulia mlango mapema. Leo nchi nyingi za dunia zinaitambua Palestina, na ina mabalozi wanaopokelewa na marais. Hata hivyo, kwenye Umoja wa Mataifa bado ni mwangalizi. Siku hizi wamewaruhusu wakae kwenye mstari pamoja na wengine, kwa alfabeti, na wanaweza kusema na kupeleka mapendekezo. Kura ndiyo hawana. Njia ya kuwa mwanachama kamili inapita Baraza la Usalama, na pale nchi moja kubwa ikitumia kura ya turufu, mlango unafungwa.

Nilimuuliza Jiddo, kwa sauti yangu ile ya chini unayoicheka, "Sasa hizo barua za kutambuliwa zinasaidia nini?"

Hakukasirika. Alinimiminia kahawa ile chungu na kusema, "Hazimrudishi mtu nyumbani kwake. Nisikudanganye. Lakini asiye na jina, hata bahasha yake haifiki."

Siku nyingine aliniambia jambo lililomsumbua zaidi. Ilitokea wenyeji wakawauliza, "Tuongee na nani kati yenu?" kwa sababu wao wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamegawanyika. "Swali hilo," alisema, "lilinichosha kuliko milango iliyofungwa. Mlango uliofungwa nilijua umefungwa na nani."

Aliniandikia ukurasa mmoja wa hotuba. Alisema maneno kwa Kiarabu, Lina akatafsiri, mimi nikaandika. Haukuwa na matusi wala kelele. Ulianza na ufunguo wa nyumba ambayo mama yake aliikimbia na ukaishia kwenye kiti: kwamba mtu anaweza kukaa kwenye mkutano unaoamua maisha yake, akasikia kila kitu, na asihesabiwe. Lina aliusoma wote, halafu akasema, "Usiusome kama unaomba ruhusa ya kwenda chooni. Tafadhali."

"Sitausoma hivyo."

"Apa."

"Aki ya Mungu, Lina."

Wiki ya mkutano, tukiwa kwenye kantini na vikombe vya karaki, ile chai ya maziwa, yeye naye akaniuliza la kwake. Azimio lilikuwa la kuipa Palestina uanachama kamili. Mwalimu alikuwa ameliacha Baraza la Usalama kando ili tupige kura ukumbini tu, theluthi mbili za kura zitoshe. Kila mjumbe alitakiwa kufuata msimamo wa nchi aliyopewa.

"Kenya ingepiga vipi?" akaniuliza. "Nimesoma soma lakini sijui ninyi mnafikirije. Niambie wewe."

Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Sikujua. Sikuwahi kufuatilia nchi yangu inasema nini duniani. Mimi Kenya yangu ni Wundanyi, Nyanya na baridi ya asubuhi. Ningesema, "Sijui, ngoja nitafute." Lakini niliona haya kutojua mambo ya kwetu mbele ya mtu anayejua ya kwao mpaka harufu ya mikate. Nikasema, kama mjuzi, "Kenya haipendi kuudhi mtu. Jizuie tu. Usiseme ndiyo wala hapana. Hiyo ndiyo njia salama."

Akanitazama. "Una hakika?"

"Mimi ndiye Mkenya hapa, au siyo?"

Akaandika kwenye daftari lake: jizuie.

Sasa siku yenyewe. Kibao cha Palestina kilikuwa mbele yangu na kipaza sauti kilikuwa na taa nyekundu. Ukumbi ulijaa wazazi. Jiddo alikuwa mstari wa tatu, amevaa suti ya kahawia iliyompwaya. Mwenyekiti, mvulana wa kidato cha juu mwenye sauti ya mtangazaji, akasema, "Mjumbe wa Palestina, una dakika mbili."

Nilisimama. Ukurasa ulikuwa mkononi. Niliona mstari wa kwanza, ule wa ufunguo, na nikaona nyuso zote zile. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti," halafu nikaukunja ule ukurasa. Kuna maneno wajumbe huruhusiwa kusema wasipotaka kuongea, nami niliyajua vizuri, maana ndiyo niliyoyasoma kwanza kwenye kitabu cha kanuni. Nikayasema. "Naurudisha muda wangu kwa meza ya mwenyekiti."

Nikakaa. Dakika mbili, Mghoi. Nilizirudisha zote.

Ikaja kura. Mimi sikuwa na kadi ya kuinua, mwangalizi hana. Nilikaa tu nikihesabu mikono ya wengine. Walipoitwa wa kujizuia, Lina akainua kadi ya Kenya. Aliiinua vizuri, mkono umenyooka, kwa sababu alikuwa ameambiwa na Mkenya. Azimio likaanguka kwa kukosa kura moja.

Ulikuwa mchezo wa shule, najua. Hakuna mpaka uliosogea wala mtoto aliyepata au kukosa pasipoti kwa sababu ya kadi zetu. Watu walipiga makofi, tukapewa juisi na vitafunio. Lakini Lina alikuja akasimama mbele yangu, bado ana tai, akasema polepole, "Mimi niliinua kadi ya nchi yako kama ulivyoniambia. Wewe ukakaa kwenye kiti cha kwetu ukanyamaza." Hakupiga kelele. Alienda kumshika babu yake mkono wakatoka.

Usiku huo huo nilitafuta msimamo wa Kenya. Haikunichukua hata saa moja. Kumbe nchi yetu imesema tena na tena kwamba inaunga mkono mataifa mawili yakae jirani kwa amani. Kwa maneno hayo Lina angeinua kadi ya ndiyo na hakuna mwalimu ambaye angempinga.

Baada ya hapo hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Tulisalimiana, tukaazimana kalamu, lakini hakunialika tena. Siku moja nilikutana na Jiddo kwenye duka la chini nikinunua maziwa. Nikataka kupita kama sijamwona. Yeye ndiye aliyeniita. Akaniambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza kilichochanganyika na Kiarabu, jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema katika miaka yake yote ya kubisha hodi, aliyemwambia hapana hakumsumbua sana. Alijua amkute wapi, na kesho atarudi na hoja gani. Aliyejizuia ndiye aliyemkosesha usingizi. "Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akauliza habari za watoto," alisema. "Nikatoka kwake sijui nirudi na neno gani."

Nilitakiwa kusema, "Nisamehe, Jiddo." Nikasema, "Maziwa yatachacha," nikaondoka.

Mwezi wa sita walihamia Chile kwa shangazi yake Lina. Nilimtumia ujumbe wa maneno mawili: Safari njema. Akanitumia mkono wa kuaga, ule mchoro wa manjano. Tangu hapo, kimya.

Nimekuhadithia yote haya kwa sababu ungedhani nimejifunza. Hata mimi nilidhani hivyo.

Jumatatu Babu aliita kikao. Unajua desturi yake: anaanza na mkubwa, anashuka mpaka mdogo, na kila mtu lazima aulizwe. Nyanya alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa. Wewe ulikuwa umekaa sakafuni karibu na friji. Babu alisema, "Mtoto akae asikie, lakini haya ni ya wakubwa."

Nyanya akasema, "Mleteni tu, huku kuna maziwa na kuna shule ya bweni nzuri." Babu akasema kazi yake imehamishiwa kaskazini, atakuwa anarudi Alhamisi tu. Mama yako akasema zamu zake zinabadilika mwezi wa tisa, na mimi naanza chuo cha uuguzi, kwa hiyo hakuna wa kukupokea getini. Alisema akiwa anakunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza. Alikuwa anangoja mtu ampinge, Mghoi. Sasa naliona hilo.

Babu akanigeukia. "Wakesho, wewe unasemaje?"

Chini ya godoro langu palikuwa na ukurasa. Nilikuwa nimeandika ratiba ya chuo na ya shule yako, siku kwa siku. Siku nne kati ya tano namaliza kabla yako na kufika getini kwa wakati. Jumanne ndiyo inagongana, na Mama Achieng' wa ghorofa ya pili nilikuwa nimeshamuuliza, akasema, "Si umlete tu, atakula na wangu." Jibu zima lilikuwa limeandikwa.

Nikasema, "Sawa tu. Mtakavyoamua."

Ukaniita kutoka pale chini, mara moja, "Mama mdogo?" Nami nikaitazama simu kana kwamba Nyanya ndiye aliyeita.

Nilijiambia kwamba sijui, labda Nyanya atakulea vizuri kuliko mimi, labda nitashindwa chuo, labda nitachelewa siku moja ukabaki peke yako getini kwenye jua. Hayo yote yanaweza kuwa kweli. Lakini ningeyasema yakapimwa. Nilijizuia, kwa sababu niliona hiyo ndiyo njia salama. Salama kwa nani, sikujiuliza.

Nasikia lifti ikisimama. Nadhani mmerudi. Ngoja.

*

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Umeingia kuoga. Viatu vimekukaa vizuri, ingawa umesema vinakubana ili usivae. Nataka ujue kilichotokea jikoni ulipokuwa chumbani, kwa sababu hukukisikia na kinakuhusu.

Nilichukua ule ukurasa nikamfuata mama yako. Alikuwa anafunga chapati zako za safari.

"Dada, Jumatatu nilisema sawa," nikasema. "Haikuwa sawa. Mimi sikubali aende."

Akageuka. "Wakesho! Leo? Tiketi iko tayari, sanduku limefungwa, mama ametayarisha kitanda. Leo ndiyo umepata mdomo?"

"Najua nimechelewa."

"Jumatatu nilikutazama usoni! Kwa nini hukusema? Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kukosea."

Babu akaingia, leso sasa iko begani. "Nani hakubali nini?"

"Mimi, Baba."

Alivaa miwani akasoma ukurasa wote akiwa amesimama. Akauliza, "Na Jumanne?" Nikamwambia kuhusu Mama Achieng'. Akauliza, "Ulimuuliza lini?" Nikasema, "Kabla ya kikao."

Akavua miwani. "Kumbe jibu ulikuwa nalo." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, na hilo liliniuma kuliko kama angefoka.

Mama yako aliketi kwenye lile pipa la unga akalia, mikono imejaa mafuta hajui aipanguse wapi. Nikampa kitambaa.

Nisikudanganye: kesho unaondoka. Shule imekupa nafasi, na Nyanya anasubiri, na Babu amesema hatuwezi kumgeuzia Nyanya maneno siku ya mwisho kwa sababu mimi nilikaa kimya siku ya kwanza. Ana haki. Kile ambacho Jumatatu kingechukua dakika mbili, sasa kitakugharimu muhula mzima. Hiyo ni juu yangu, na siombi uniambie hakuna neno.

Lakini ule ukurasa Babu ameuweka kwenye kabati la pasipoti. Amesema muhula ukiisha, mwezi wa kumi na moja, ukija likizo tutakaa tena. Nikamwambia jambo moja zaidi, na sauti haikukatika sana: kwamba safari hii wewe usiwe wa kusikia tu. Akafikiri. Akasema, "Basi tutaanza na mdogo."

Kwa hiyo ukiwa huko, angalia vizuri. Huenda ukaipenda shule, ukapenda baridi na maziwa ya Nyanya, ukataka kubaki. Ukitaka kubaki, sema. Ukitaka kurudi, sema. Usiseme ninachotaka mimi.

Lina bado sijamwandikia. Nimeanza mara tatu nikafuta. Ukurasa wa Jiddo ninao, na nikimaliza hii barua nitajirekodi nikiusoma wote, kuanzia ufunguo mpaka kiti, halafu nitaomba radhi kwa jina langu na kumtumia. Azimio halitapita kwa hilo. Huenda hata asisikilize.

Maji yamefungwa bafuni. Barua hii naiweka ndani ya kiatu cha kushoto, kile unachosema kinakubana.

Mwezi wa kumi na moja kaa mezani, kwenye kiti changu. Mimi nitakaa sakafuni karibu na friji mpaka umalize. Babu akinifikia, jibu langu utakuwa unalijua tayari.

Mama yako mdogo,
Wakesho